Maganzo: Mji Unaolala Mlangoni kwa Almasi

Zawadi ya harusi iliyozungumzwa dunia nzima ilitoka Mwadui, mkoani Shinyanga. Je, walio nje ya geti la mgodi wameambulia nini: pete, vumbi au talaka? Twende pamoja.

Ukitoka Shinyanga mjini na kushika barabara ya Mwanza, unaipita Kolandoto, mashamba ya pamba na mtama yanakusindikiza kulia na kushoto, na kabla hujamaliza soda yako konda anagonga bodi: "Maganzo! Maganzo washukaji!" Ukichungulia dirishani unaona kile kile ulichokiona kwenye miji mingine ya barabarani: maduka, gesti, mama lishe na masufuria yao, vijana wa bodaboda wanagombea kivuli. Kama una haraka ya kufika Mwanza, hutaishangaa Maganzo hata kidogo.

Lakini subiri. Kata kona kutoka barabara kuu, utakutana na uzio. Ndani ya uzio huo ndiko kuliko na Mwadui, mgodi wa almasi ambao mwamba wake una ukubwa wa hekta 146 hivi. Ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyowahi kuchimbwa duniani, na tangu uanze umetoa zaidi ya karati milioni 19. Yaani mji huu mdogo wa Wilaya ya Kishapu umelala mlangoni kwa hazina. Na kama ujuavyo, anayelala mlangoni si lazima awe na ufunguo.

ZAWADI YA BIBI HARUSI

Tuanze na mapenzi, maana ndiyo yetu. Oktoba 1947 pale Mwadui lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Hesabu isikutishe. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima halikufika hata gramu 11, kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba, binti wa Mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa anaolewa na Philip. Mwenye mgodi akamzawadia bibi harusi jiwe lile.

Likakatwa na kusuguliwa London mpaka likabaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ule ule Elizabeth alipovikwa taji, kampuni ya Cartier ililiweka katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua, likazungukwa na almasi nyeupe. Malkia aliipenda pini ile na kuivaa mara nyingi. Mwaka 1981 aliivaa kwenye harusi ya mwanaye Charles na Diana, harusi iliyoangaliwa na mamilioni ya watu kwenye televisheni. Kumbe siku ile Shinyanga nayo ilikuwemo kanisani St Paul's, kifuani kwa mama mkwe!

DAKTARI ASIYEOA

Huyo mtoa zawadi alikuwa nani? Jina lake John Thoburn Williamson, Mkanada, mzaliwa wa Quebec mwaka 1907. Alisomea miamba mpaka akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill. Alikuja Afrika miaka ya 1930, akaajiriwa na kampuni za watu, kisha akaamua kuhangaika mwenyewe porini Usukumani. Homa zilimwandama, fedha zikamwishia, wengine wakamwona kama mtu aliyepagawa. Wakili mmoja wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, I. C. Chopra, ndiye aliyemwamini na kumpiga tafu.

Machi 1940 subira ikazaa matunda. Williamson akaupata mwamba wa Mwadui. Utasikia ngano kibao kuhusu siku hiyo, eti jiwe la kwanza lilikuwa chini ya mbuyu, eti gari lilikwama matopeni jiwe likachomoza. Hizo ni hadithi za kupigia kijiwe. Ukweli ni kwamba mtu alitembea miaka mingi akichekecha mchanga wa mito na vilima mpaka akafika.

Baada ya hapo akawa tajiri wa kutupwa. Kampuni kubwa ya De Beers, iliyokuwa imeshika soko la almasi duniani, ilimbembeleza na kumbana, naye akawa mbishi wa kuuza mgodi wake mpaka mwisho. Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Na hapa ndipo panapochekesha na kusikitisha kwa pamoja: aliyetoa zawadi ya harusi maarufu kuliko zote Afrika Mashariki, mwenyewe hakuoa. Mgodi ulibaki kwa ndugu zake, nao mwaka huo huo wakauuza kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu, kwa kiasi cha pauni milioni 4.

NDANI YA UZIO

Williamson hakujenga mgodi tu, alijenga mji. Nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, uwanja wa ndege, viwanja vya michezo, umeme na maji ya bomba. Fikiria enzi hizo, vijijini kote Usukumani mama anabeba ndoo kichwani, huku ndani ya uzio mtu anafungua bomba jikoni. Kuwa mtoto wa Mwadui ilikuwa hadhi. Kijana mwenye kitambulisho cha mgodi alikuwa haulizwi mara mbili akipeleka posa.

Lakini mji wa kampuni una masharti yake. Unaishi kwenye nyumba isiyo yako. Unaingia na kutoka kwa ruhusa. Mgeni wako anaandikishwa getini, na wewe mwenyewe unapekuliwa, kwa sababu mali ya pale inaingia kwenye upindo wa suruali na hakuna atakayeiona. Siku ajira inapokwisha, na nyumba imekwisha.

Mapema miaka ya 1970 serikali ikauchukua mgodi wote, kama ilivyofanya kwa mabenki na mashamba makubwa. Uzalishaji ukaporomoka, mitambo ikazeeka, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1994 De Beers wakarudi wakiwa na asilimia 75. Mwaka 2009 wakaipisha Petra Diamonds. Mwaka 2025 Petra nayo ikatoka, ikauza hisa zake kwa Pink Diamonds Investments. Serikali sasa ina asilimia 37. Wenye mali wamebadilika mara nyingi kuliko mashuka ya gesti, lakini uzio umebaki pale pale.

Raha zilikuwepo pia. Timu ya Mwadui ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 na kudumu mpaka iliposhuka mwaka 2021. Simba na Yanga walilazimika kuja mpaka uwanja wa Mwadui Complex, na siku hiyo mama lishe wa Maganzo hakulala na chapati hata moja.

NJE YA UZIO: MAISHA YA CHEKECHE

Sasa tutoke getini. Maganzo ilikua kwa sababu moja: nje ya kila hazina hujaa watu wenye matumaini. Walikuja Wasukuma wa vijiji vya jirani mvua zilipokataa na pamba kushuka bei. Walikuja wafanyabiashara wa Shinyanga na Mwanza. Walikuja waliokosa ajira ndani na waliofukuzwa kazi ndani. Mji ukaumbika hapo, na kazi zake kubwa ni tatu: kuchekecha, kununua, na kuwalisha wanaochekecha na kununua.

Kuchekecha hakuna ujanja. Unachimba, unabeba, unaosha mchanga kwa maji ya kununua, unatikisa chekeche, kisha unainama kuchambua kokoto moja moja juani. Almasi ghafi haimetimeti kama ya dukani. Inaweza kufanana na kipande cha chupa kilicholiwa na mchanga. Wiki nne, wiki nane, hupati kitu. Halafu siku moja, saa tisa alasiri, kuna kitu.

Wapo wanaochimba kwa leseni kwenye maeneo yao. Wapo pia wanaoingia eneo la mgodi usiku kutafuta kwenye mchanga na mabaki. Hao huitwa wabeshi, na jina hilo Maganzo kila mtoto analijua. Kisheria ni wahalifu. Mtaani, mbeshi ni mume wa mtu, kaka wa mtu, mpangaji wa chumba cha tatu. Wapo walioingia wakarudi na mkwanja, na wapo ambao hawakurudi. Mwaka 2021 Petra ilifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3 na walalamikaji 71 waliofungua madai Uingereza kuhusu vifo, majeraha na kuteswa mikononi mwa walinzi na polisi. Kampuni haikukubali kuwajibika kisheria, ila ilikiri kwamba mambo hayo mabaya yalitokea. Kwa wajane wa pale hiyo haikuwa habari mpya. Ilikuwa mara ya kwanza tu mtu mkubwa kuitamka.

BEI ANAIJUA NANI?

Ndugu zetu wa Geita wana nafuu moja. Dhahabu ina bei ya dunia. Mchimbaji wa Nyarugusu au Katoro anapima gramu zake, anachungulia bei kwenye simu, na akipunjwa anajua amepunjwa. Almasi haina bei ya namna hiyo. Mawe mawili ya uzito mmoja yanaweza kuachana bei kama mbingu na ardhi, kwa sababu ya rangi, weupe wa ndani, ufa usioonekana kwa macho na umbo litakalopatikana baada ya kukatwa. Anayejua kusoma hayo ana kioo, taa na uzoefu. Anayeuza ana njaa na mtoto aliyefukuzwa ada. Hapo hakuna mazungumzo, kuna huruma tu.

Hata serikali imewahi kulia na hilo. Septemba 2017 ilizuia shehena ya almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikidai thamani iliyoandikwa ni ndogo kuliko ya kweli. Kama nchi nzima inaweza kubishania bei, itakuwaje kijana mmoja chini ya mti na jiwe amelificha mdomoni? Mwaka 2019 yakaanzishwa masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, na Maganzo nayo ikapata lake la almasi. Sasa mwenye jiwe ana mahali pa kupima mbele za watu, anakatwa kodi na kupewa karatasi. Si dawa ya kila kitu, lakini ni bora kuliko nyuma ya gesti.

JIWE LIKIPATIKANA, NDOA INATIKISIKA

Muulize mwanamke yeyote aliyeolewa na mtu wa chekeche, atakuambia kwamba umaskini wanauzoea. Kinachowashinda ni siku ya kupata. Mume aliyekuwa anakopa unga anaamka na mamilioni. Wiki ya kwanza mtaa mzima unakunywa. Wiki ya pili pikipiki mpya, simu mpya, na "shemeji" mpya ambaye hakuwepo enzi za michembe. Wiki ya sita pikipiki inauzwa nusu bei, shemeji kahamia kwa mwingine, na mwenye ndoa yake anamfungulia mlango mtu aliyerudi na nguo alizovaa. Maganzo wanasema fedha ya jiwe ina mbawa. Sisi tunasema haikuwekewa kiota.

Ila tusiwaonee wanaume peke yao. Kuna binti anayemwacha mwalimu mwenye mshahara wa uhakika kwa sababu mbeshi alimnunulia simu mara moja. Naye baadaye analia. Mapenzi yaliyofuata jiwe yanaondoka na jiwe, hilo halihitaji mganga wa Shinyanga kukutabiria.

Usukumani mapenzi yalikuwa na utaratibu wake. Kulikuwa na chagulaga: vijana wanamzunguka binti akitoka ngomani au sokoni, wanamtaka achague mmoja wao. Wazee wanaisifia kwamba binti ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Lakini akinamama wengi watakuambia kwamba binti mmoja kati ya wanaume kumi usiku njiani hachagui, anajiokoa.

Halafu kuna mahari. Mahari ya Msukuma ni ng'ombe, na idadi hupanda kwa sifa za binti. Moja ya sifa zilizotajwa miaka na miaka ni rangi: mweupe ng'ombe wengi, mweusi wachache. Hebu rudi nyuma kidogo, soma tena jinsi almasi inavyopangiwa bei. Rangi. Weupe. Bila ufa. Umeona? Mji unaojua kupima mawe ulianza zamani kuwapima mabinti kwa mizani ile ile.

Na mizani hiyo ina haraka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Shinyanga ya wakati huo, kabla haijagawanywa mwaka 2012, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Iliongoza nchi nzima. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Rebeca. Ushindi wa kesi ulipatikana Dar es Salaam, lakini utekelezaji wake uko kwenye boma la baba wa Kishapu aliyeshaonyeshwa ng'ombe kumi na tano.

OKTOBA NA NOVEMBA 2022

Kama kuna miezi miwili ya kuieleza Mwadui na Maganzo kwa mtu asiyezijua, ni hii.

Mwaka 2021 mgodi ulitoa jiwe la waridi la karati 32.32, likauzwa kwa dola milioni 13.8 za Marekani. Likakatwa, likasuguliwa, likatoka na karati 11.15. Oktoba 2022 nyumba ya minada ya Sotheby's ikalipiga mnada Hong Kong kwa jina la Williamson Pink Star. Bei? Dola milioni 57.7. Hakuna almasi iliyokuwa imewahi kufikia bei ile kwa kila karati mnadani. Mnunuzi alikuwa mtu binafsi wa Florida, Marekani. Sehemu kubwa ya tofauti ile, kati ya milioni 13.8 na 57.7, ilizaliwa mbali na Shinyanga, mikononi mwa wanaokata, wanaosugua na wanaonadi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka. Tope la kijivu likamwagika kuelekea Ng'wanholo na Nyenze, likafunika mashamba, malisho na nyumba. Mungu mkubwa, hakuna kifo kilichoripotiwa. Lakini kaya zililazimika kuhama, fidia zikaanza kuhesabiwa, na mgodi ukasimama mpaka katikati ya 2023. Jiwe likienda Florida, tope lilikuwa Ng'wanholo.

MAGANZO YA LEO

Ukidhani huu ni mji wa huzuni, hujakaa. Asubuhi unasalimiwa "mwangaluka" na watu watatu kabla hujafika kwenye chai. Matobolwa kwa maziwa ya mgando yanauzwa, na mchele wa Shinyanga harufu yake inakuita toka mbali. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, na ngitili, yale malisho yaliyofungwa ili miti irudi, yameipa nchi hii kivuli ambacho babu zetu wa miaka ya 1980 hawakukitarajia. Siku ya mnada utaona ng'ombe, madera na simu za kisasa kwenye vumbi moja.

Na ukitazama vizuri, waliojenga nyumba za tofali za kuchoma siyo wote waliopata jiwe. Wengi ni waliowauzia waliopata jiwe: mwenye gesti, mwenye mashine ya kusaga, fundi cherehani, mama aliyeanza na sufuria moja ya wali maharage na leo anasomesha. Hawa hawajawahi kuinama kwenye chekeche, na ndio wenye mji.

KAMA MWENZA WAKO ANAISHI KWA BAHATI

Iwe almasi Maganzo, dhahabu Geita au mikeka ya mpira huko uliko, haya yanakuhusu.

1. Panga bajeti ya nyumbani kwa fedha ya uhakika tu, hata kama ni ndogo. Jiwe ambalo halijapatikana halinunui unga.

2. Ongeeni mapema. Likipatikana, kiasi gani kinakwenda kwenye kiwanja, ada na madeni? Mwenye njaa anakubali haraka, mwenye fedha hakumbuki. Andikeni.

3. Kiwanja au nyumba iandikwe majina yenu wawili. Sheria ya Ndoa hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Kumpikia na kumfulia mtu wa chekeche miaka kumi siyo bure.

4. Uzieni sokoni, mbele ya mizani na karatasi. Ukiona mume anauza kizani, ujue na fedha itatumika kizani.

5. Mfuko ukijaa ghafla, wapenzi nao wanajaa ghafla. Kapimeni VVU wote wawili, na kinga isikosekane.

Na wewe unayejiandaa kuvishwa pete mwezi ujao, mwulize mchumba wako maswali mawili. La kwanza: jiwe hili limetoka wapi? La pili: kama lisingekuwepo, tungeoana? Akijibu la pili bila kumeza mate, mpe kidole.